Mkwe Wangu Alivyotugeuza Kistari

Sipendi kuombwa jambo mara mbili, na hili nimeombwa zaidi ya hapo. Mhariri wa gazeti hili la mtaa, ambaye mama yake nilimjua tangu anavaa sare ya shule ndani nje, alikuja kibarazani kwangu meno yote nje: "Bibi, tuandikie habari za mtu wa kawaida. Yeyote tu." Nikamwambia mtu wa kawaida simjui, kila ninayemjua ana kichaa chake. Akasema basi niandike huyo huyo mwenye kichaa. Nikamwambia, mjukuu wangu, kuna watu hapa mtaani wamesoma mpaka macho yamewauma na wamekaa bure, iweje umwendee mwanamke aliyeshika kalamu akiwa na mvi? Akajibu kuwa hao waliosoma wakiandika, hakuna anayewasoma. Hapo alisema kweli, na mimi ukweli huwa naupa kiti.

Basi naandika kwa mkono wangu, herufi kubwa kama matofali. Atakayeona kosa alifumbie jicho, au akaandike yake.

Ninayemwandika ni mkwe wangu, mume wa kitinda mimba wangu. Jina analo, alipewa na wazazi wake, lakini kazini na hapa mtaani wanamwita Pasi, kwa sababu hajawahi kuona kilichokunjamana akakipita. Akikuta viatu vya wageni mlangoni, atavipanga visigino sawasawa kabla hajaingia. Akikuta picha imeinama ukutani kwa watu, hata msibani, atainuka polepole ainyooshe, kisha arudi kuhuzunika na wenzake.

Nasaba yake inaeleza. Marehemu baba yake alikuwa fundi mwashi, wa wale ambao ukuta ukipinda kwa upana wa ukucha hubomoa na kuanza upya, na mwenye nyumba apige kelele anavyotaka. Pasi amekulia kati ya uzi na pimamaji. Mgongo wa kubeba tofali Mungu hakumpa, jicho la baba alilirithi lote. Akapelekwa shule, akasoma, akaingia ofisini, na huko ofisini, kwa kukosa kuta, akaanza kunyoosha namba.

Siku aliyokuja kujitambulisha kwetu nilimwekea sinia ya chai. Kabla hajagusa kitu, alivigeuza vikombe vyote, mikono ikaelekea upande mmoja. Dada yangu akaninong'oneza, "Huyu ana lake jambo." Nikamjibu, "Afadhali huyu anayevipanga kuliko mkweo anayevivunja." Dada yangu alinuna mpaka siku ya harusi, na siku ya harusi akanuna zaidi kwa sababu kila kitu kilikwenda sawa.

Sasa ninaishi nao. Au wao wanaishi na mimi. Inategemea siku hiyo nani amekasirika.

Kazi yake ni makao makuu ya idara ya maktaba, na kazi yenyewe ni kutengeneza slaidi. Nilimuuliza zamani slaidi ni nini, nikaambiwa ni maandishi yanayotupwa ukutani kwa taa ili wakubwa wakae gizani wayatazame. Nikasema, kumbe wakubwa nao wanaangalia sinema. Akasema hapana mama, wanaangalia majedwali. Nikamwonea huruma aliyewaalika.

Lakini mkwe wangu ukimgusa kwenye majedwali, chakula kitapoa. Anasema namba kwenye jedwali la slaidi hazina malezi. Kwenye ile programu nyingine, ya hesabu, ukiiambia safu nzima isimame wima, inasimama. Ukitaka desimali moja, kila namba inatoa moja. Ukizihamishia kwenye slaidi, zinasahau yote ziliyofundishwa kule. Kila kijumba cha jedwali kinaiona namba kama neno tu. Kwake "elfu tatu" na "njoo ule" ni mamoja. Hapo ndipo unapoingia mkono wa mtu, kijumba kwa kijumba: namba zisukumwe kulia, mkato utenge maelfu, nukta ikae chini ya nukta. Na ukibonyeza kile kitufe cha kurukia mbele ili namba isogee kidogo, namba haisogei. Unaruka wewe, unajikuta kijumba cha jirani. "Lazima ubonyeze viwili kwa pamoja, mama," ananiambia, na uso wake unang'aa kama mtu anayesimulia alivyovuka mto wenye mamba.

Mkurugenzi wao naye ana sheria yake moja: mtu wa kiti cha mwisho kabisa, asiye na miwani, aisome slaidi bila kukodoa macho. Ukiisikia, ni sheria ya upendo. Ila herufi zikiwa kubwa, namba hazina budi kuwa fupi. Basi wanazikata. Watu wanaoingia kila tawi kwa mwezi wanaandikwa kwa maelfu, bila desimali, kwenye elfu iliyo karibu. Elfu tatu na mia mbili inakuwa 3. Elfu sita na mia nane inakuwa 7. Makao makuu ni 12. Na lisilofika mia tano linakuwa sifuri.

Sifuri sasa, Pasi haiwezi. Anasema katikati ya safu iliyonyooka sifuri inaonekana kama jino lililong'oka, jicho linaangukia mle mle. Kwa hiyo kila penye sifuri anaifuta na kuweka kistari kifupi. Kinakaa vizuri, kinatulia, hakimsumbui mtu. Anasema ndivyo wafanyavyo wastaarabu wa namba duniani kote, na mimi sina wa kumuuliza.

Sasa nisikilize vizuri. Binti yangu, mkewe huyo huyo Pasi, ni mkutubi wa tawi dogo kuliko yote. Ni chumba kimoja nyuma ya ofisi ya maji, chenye meza nne na dirisha linalotazama karakana ya magari. Wanaingia wanafunzi wanaokimbia kelele za nyumbani. Anaingia mlinzi anayetoka lindo, analifungua gazeti, analala juu yake kwa heshima. Anaingia fundi cherehani ambaye kitabu chake ni kile kile tangu namfahamu, anasema akikimaliza hatakuwa na pa kwenda. Wanaingia wanaosubiri foleni ya ofisi ya maji. Wengine wakishaanza kusoma, foleni inawapita na hawajali. Na naingia mimi, kiti cha dirishani, nilipofundishwa herufi na mtoto niliyemfundisha kutembea. Binti yangu anahesabu vichwa, hahesabu miguu. Ukiingia mara tatu wewe ni mmoja tu. Kwa mwezi ni watu mia nne na thelathini.

Ndugu msomaji, umeshajua kilichotokea. Sisi hatukujua. Bodi ilikaa kikao chake, taa ikawashwa, jedwali likatupwa ukutani, watu wakasifu lilivyonyooka, wakaenda kula. Baada ya muda barua ikaletwa kwa binti yangu. Nilikuwapo, nikamwona akiisoma mara ya kwanza, kisha ya pili kwa midomo, kama ninavyosoma mimi. Bodi inamshukuru kwa ushirikiano wake wakati tawi lilipofungwa. Kwa kuwa chumba sasa ni kitupu, kikao kijacho kitathibitisha kikabidhiwe karakana kiwe stoo ya matairi.

Akainua macho, akawatazama watu waliojaa mbele yake, wanasoma kwa utulivu ndani ya chumba kilichokwisha fungwa. Mlinzi alikuwa anakoroma. "Mama," akaniambia, "tumekufa na hatukuambiwa."

Hakwenda kwa mkurugenzi. Alikwenda nyumbani. Mkwe wangu alimkuta ameketi mezani, barua imelala kifudifudi.

"Baba Watoto, lile jedwali la kikao ulilipanga wewe?"

Maskini, alidhani anasifiwa. "Habari zimefika mpaka kwenu? Mwenyekiti alisema tangu azaliwe hajaona safu zimesimama vile."

"Mstari wetu ulikuwa na nini?"

"Mstari upi?"

"Wa tawi letu."

Akafumba macho alione jedwali lake. "Wa tano kutoka juu. Kistari."

"Kistari maana yake nini?"

"Maana yake sifuri."

"Na sifuri?"

"Chini ya mia tano."

"Kwa hiyo mimi na watu wangu mia nne na thelathini, na mama yangu huyu hapa, ni kistari."

"Si ninyi, mke wangu," akasema kwa upole kabisa. "Ni muundo."

Nikatoka nje. Kuna maneno mtu mzima hapaswi kusikia mkwewe akijibiwa. Lakini nilichosikia kupitia dirishani ni kwamba hakujua. Wallahi hakujua. Alipokuwa anapanga hakuona tawi wala mke, aliona tu sifuri imekaa pabaya. Mtu anaweza kufunga mlango wa mkewe kwa ncha ya kidole na asisikie hata mlio.

Kesho yake asubuhi binti yangu alimmiminia chai. Mkwe akaonja, akakunja uso.

"Mke wangu, umesahau sukari."

"Sikusahau. Imo, nusu kijiko kasoro kidogo."

"Siisikii."

"Huwezi kuisikia. Nimekadiria."

Jioni akamletea sahani tupu, katikati ameilaza njiti ya kiberiti.

"Hii nini?"

"Kistari. Lilibaki yai nusu kasoro kidogo."

Naapa kwa mvi zangu, kabla hajaiondoa ile njiti aliinyoosha kwanza ilingane na ukingo wa meza. Binti yangu akaona. Akaenda kujifungia chumbani, na mimi sikujua kama analia au anacheka, kwa sababu kwa ukoo wetu sauti ni moja.

Nikamwita pembeni. "Mkwe," nikasema, "wewe kwangu ni mtoto, na sijawahi kuingia kati yenu. Leo naingia na viatu. Kile chumba kikitiwa matairi, mke wako atarudi kukaa hapa kutwa nzima, nami nitakaa hapa kutwa nzima. Umeliona hilo jedwali?"

Alilala nalo hilo. Asubuhi akaenda kwa mkurugenzi kuomba desimali moja. Moja tu. Alitusimulia aliporudi, na sauti ya mkurugenzi anaiigiza vizuri kupita anavyojua.

"Desimali ni za wahasibu," mkurugenzi akamwambia. "Bodi ni watu wazima, usiwamwagie mchanga machoni."

"Lakini mkuu, tawi lipo."

"Lipo? Nani kasema?"

"Mke wangu anafanya kazi pale."

"Ahaa!" Hiyo "ahaa" mkwe wangu aliirefusha mpaka paka akaamka. "Kumbe tunazungumzia mambo ya chumbani. Haya, rekebisha mstari huo mmoja, bodi waone wenyewe. Lakini nikiona desimali ukutani, utatengeneza slaidi za matairi."

Ruhusa ilikuwa hiyo. Bodi ingetazama jedwali jipya, na chumba kingebaki ama kingetiwa matairi kwa jinsi mstari mmoja utakavyosomeka.

Jumamosi mchana akakaa mezani na kompyuta yake, binti yangu nyuma ya bega lake, mimi jikoni na mlango wazi. Kwanza akaandika 0.4, ingawa alikatazwa, ili tu aone. Akasema inaonekana kama nzi kwenye maziwa. Akaifuta. Kisha akaandika "watu 430," kwa ukamilifu. Sasa kile kijumba ni chembamba. Neno likabaki juu, namba ikadondoka chini, mstari ukavimba, na ulipovimba ukausukuma ulio chini yake. Makao makuu yenye 12 yao, ambayo huwa mstari wa mwisho, yakaporomoka nje ya slaidi.

"Mkurugenzi ameanguka," mkwe wangu akasema kwa hofu.

"Mwache huko huko," binti yangu akasema. Ndiyo siku ya kwanza tangu barua ije nilipomsikia anamtania.

Lakini wapi, Pasi hawezi kuacha mtu aning'inie nje ya ukuta. Akapunguza ukubwa wa maandishi, mstari ukawa na sauti ndogo kuliko wenzake. Akarudisha. Akapanua safu, jedwali zima likapinda kushoto. Akarudisha. Mwisho akafanya ambalo baba yake angelifanya: akakata kilichozidi. Akafuta neno "watu." Ikabaki 430 peke yake, mstari ukanywea, mkurugenzi akapanda ukutani.

"Imejitokeza kidogo upande wa kushoto," akalalamika.

"Acha ijitokeze," mkewe akasema. "Tumefichwa vya kutosha."

Na hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba juu ya safu ile, kichwani, pameandikwa "maelfu." Yeye aliangalia umbo, binti yangu aliangalia ushindi, mimi nilikuwa naangalia sufuria.

Kikao cha bodi ni cha wazi, mwananchi yeyote anaruhusiwa kuhudhuria, ndiyo maana hahudhurii mtu. Binti yangu hakuweza kuacha kazi. Alisema wakija kukifunga wamkute amekifungua. Nikaenda mimi. Mlinzi wa getini akanizuia.

"Bibi, unakwenda wapi?"

"Kikaoni."

"Una mwaliko?"

"Nina miaka."

Akanipisha. Nikaketi kiti cha mwisho kabisa, bila miwani, kwa sababu mguu mmoja wa miwani yangu umevunjika na fundi ananizungusha. Kwa hiyo ile sheria ya mkurugenzi ilipata mtu wake. Mwenyekiti wa bodi ni mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alikuwa mwalimu mkuu zamani. Pasi alikuwa amesimama mbele kando ya kompyuta, shati limepigwa pasi mpaka linakata.

Taa zikazimwa. Jedwali likatokea. Na mimi nasema haki yake: lilikuwa zuri. 3 chini yake 7, chini yake 5, chini yake 2, zimesimama kama watoto wa shule asubuhi. Halafu 430, imejitanua katikati yao kama mama mwenye nyumba. Halafu 12, kadogo, kembamba, ka makao makuu.

Maneno kutoka kule nyuma siyasomi, namba nazisoma. Nikaona sisi ni 430 na makao makuu ni 12. Nikapiga makofi.

Mtu wa mbele yangu akasikia makofi, akapiga. Wa mbele yake hakutaka kuonekana hajaelewa, akapiga. Yakafika mpaka meza ya bodi.

"Hongera sana!" Mwenyekiti akasema. "Na hili si ndilo tawi tulilosema limefungwa?"

"Ndilo, Mwenyekiti," akasema katibu, anageuza karatasi.

"Limefungwa linaleta watu hivi," mjumbe mmoja akashangaa, "likifunguliwa itakuwaje?"

Mkurugenzi akakohoa, akasimama, akasema haya ni matunda ya mikakati aliyoiweka tangu aingie madarakani. Mjumbe mwingine akapendekeza viti vipya hamsini. Mwingine akaongeza feni. Mwenyekiti akaagiza pongezi ziandikwe, na katibu akaandika, nilisikia kalamu.

Na mimi nikamtazama mkwe wangu. Alikuwa amegeuka kutazama ukuta, na kwa mara ya kwanza alikuwa hatazami safu, anatazama kichwa cha safu. Nikaona mgongo wake ukibadilika. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Angekibonyeza tu, jedwali lingepita, ingekuja slaidi nyingine ya rangi rangi, watu wangesahau, na sisi tungepata viti, feni na chumba chetu. Nikamwomba Mungu amtie ububu wa muda mfupi. Sikuomba makuu.

"Samahani, Mwenyekiti," mkwe wangu akasema. "Hiyo namba imekaa vibaya."

"Imekaa vizuri sana! Ndiyo inayoonekana kuliko zote."

"Haikufuata kichwa cha safu. Nyingine zote ni maelfu. Hiyo ni watu."

"Watu gani?"

"Watu, Mwenyekiti. Mmoja mmoja. Mia nne na thelathini. Kosa ni langu, nilifuta neno ili mstari usivimbe."

Mkurugenzi akaketi polepole, kama mtu anayekalia yai. Yule mjumbe wa viti akauliza kama vile hamsini bado vipo au vimerudi.

"Nani alianza kupiga makofi?" Mwenyekiti akauliza.

Vichwa vyote vikageuka nyuma.

"Ni mimi," nikasema, "na siyarudishi."

Mwenyekiti akanitazama, nikamtazama. Tulitazamana kama wanawake wawili waliogombea kitambaa kimoja dukani. Kisha akamgeukia katibu. "Kumbukumbu zinasemaje?"

Katibu, ambaye jasho lilikuwa linamtoka, akasoma. Zinasema tawi limefungwa. Zinasema pia tawi limepongezwa.

"Sasa tulipongezeje lililofungwa? Na tulifungeje tulilolipongeza muda huu huu?"

Wakavutana hapo kwa muda mrefu kuliko waliotumia kutufunga. Mwisho mkurugenzi, uso wake umeiva, akatoa lake: kikao kijacho slaidi zirudi kwenye utaratibu. Maelfu. Bila desimali. Bila namba za kujitokeza. Tawi likisomeka 1, libaki na liwe na amani. Likisomeka kistari, matairi yaingie siku hiyo hiyo na asisikie makofi ya mtu.

Bodi ikakubali. Nilidhani yameisha, kumbe mkwe wangu bado amesimama.

"Mia tano inasomeka 1, mkuu," akasema. "Nataka iwe wazi."

"Basi iwe mia tano," mkurugenzi akasema kwa meno.

Tukarudi nyumbani kwa miguu, mimi mbele yeye nyuma, maana nilikuwa sitaki kumwona. Tulipofika penye kona nikashindwa.

"Mkwe wangu, ulimi wako ungekaa kinywani kwa muda wa kumeza mate tu, leo tungekuwa na feni."

"Mama, ningelalaje?"

"Ungelala kwa upepo wa feni!"

Akatembea hatua kadhaa. "Namba ilikuwa imepinda, mama," akasema, "na mimi ndiye niliyeipinda."

Nikamkasirikia mpaka mlangoni, na pale mlangoni nikamkasirikia zaidi kwa sababu alikuwa na haki. Mtu aliyefuta chumba cha mkewe kwa ajili ya unadhifu, ndiye huyo huyo asiyeweza kukiokoa kwa uchafu. Ukiniuliza ni mjinga au ni mwema, nitakuambia ni mkwe wangu, na mengine katafute mwenyewe.

Binti yangu alisikiliza yote amesimama, mkono kiunoni. Nilitegemea moto.

"Ulisema mwenyewe?" akamuuliza mumewe. "Hakuna aliyekuuliza?"

"Nilisema mwenyewe."

Akamtazama kwa muda, kama mtu anayekadiria urefu wa kitambaa kwa jicho. Kisha akajisogeza kwenye benchi, akampa nafasi ya kukaa. "Tunahitaji sabini," akasema. Usiku ule sikusikia ugomvi.

Tangu hapo Pasi kila akitoka kazini anapita mtaani kuwaalika watu. Hana kipaji. Anamsimamisha mtu njiani, anamnyoosha kola, halafu anamweleza habari za kukadiria kwenye elfu iliyo karibu, na mtu anakimbia. Juzi amemleta mmoja tu, kinyozi, na kinyozi alikuja akidhani ni kesi. Lakini alikaa. Alisoma kitabu cha nyuki mpaka binti yangu akamtoa ili afunge.

Kwa hiyo wewe uliyesoma mpaka hapa bure, bila kuninunulia hata soda, sasa ni zamu yako. Kikao hakiko mbali. Zungukia nyuma ya ofisi ya maji, mlango wa bluu, upande usiokuwa na matairi. Usinitumie salamu, salamu hazihesabiwi. Usije mara mbili ukidhani unatusaidia, mwanangu anahesabu vichwa. Njoo na mwenzio, na kama hajui kusoma mlete kwangu, dirishani. Kusinzia ruhusa. Na viti, mmesikia vilikoishia. Njoo na cha kwako.